Darasa Lisilosikika

Nyumbani, tarehe 6 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umelala, na koo limepoa. Sisi huku hatujambo. Baba naye hajambo, ila ameunguza ile sufuria ndogo na amenikataza kukuambia, kwa hiyo sikuambii.

Barua nimempa jirani yetu dereva wa basi, kama ulivyoagiza. Nimeandika sentensi nzimanzima, si zile za simu zinazokatwakatwa. Simu yenyewe haina kazi kwa mtu aliyekatazwa na daktari kusema.

Sasa habari za darasa lako. Mwalimu wa kukushikia zamu amefika. Ni kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, na shingoni ana filimbi kama mwamuzi wa mpira, kwa hiyo watoto wamempa jina siku hiyohiyo: Mwalimu Filimbi. Si mkali. Ila siku yake ya pili Mwalimu Mkuu aliingia, akaitazama mikeka yako mitatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu, akasema hayo ni mambo ya kukaribishia wageni, si ya shule. Mikeka imekunjwa, iko stoo. Vifuniko vya soda ulivyoviandika herufi vimeifuata pamoja na ndoo yao. Madawati yamepangwa safu, wote wanatazama ubao, na Mwalimu Filimbi akipuliza wanasoma kitabu kwa pamoja tangu jalada hadi mwisho.

Mama, sauti yake! Hata sisi darasa la saba, ng'ambo ya uwanja, tunawasikia mpaka tunapotea kwenye hesabu. Unakumbuka Mwalimu Mkuu alivyokuwa akikulalamikia kwamba darasa lako linanong'ona, mtu akipita hajui kama mnafundishana au mmelala? Sasa anasimama mlangoni pa ofisi anatabasamu. Anasema, "Darasa linalosoma husikika."

Kuna jambo jingine. Nilitaka kulificha, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuwa habari mbaya ikicheleweshwa huzaa. Jana nilikwenda ofisini kuchukua chaki nikamsikia akimwambia mwalimu wetu kwamba mkaguzi anakuja mwisho wa mhula. Ikiwa sauti yako haijarudi kufikia hapo, utapelekwa stoo ya vitabu, na darasa la kwanza atapewa Mwalimu Filimbi moja kwa moja. Alisema, "Mwalimu asiye na sauti ni kengele isiyo na ulimi." Mwalimu wetu hakucheka. Mimi nilichukua chaki nikatoka.

Lakini lipo na la kukufurahisha. Njugu, mtoto wa jirani ninayekwenda naye shule, uliyemwacha bado kwenye silabi, sasa anasoma kitabu kizima. Jana jioni alinisomea bila kukwama hata mahali pamoja. Sijui nifurahi au nifanyeje. Ikiwa Mwalimu Filimbi ameweza haya kwa muda mfupi hivi, kwa hiyo… Sitaimaliza sentensi hii.

Pona upesi.

Mwanao


Hospitali, tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimeketi, basi ombi lako limesikilizwa. Mwambie baba yako sufuria husuguliwa kwa majivu, haisuguliwi kwa kuficha.

Hapa naishi kwa kuandika. Nina kibao na chaki kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikitaka maji naandika maji, na kuna muuguzi mmoja ambaye hawezi kunipa kitu kabla ya kuusifu mwandiko wangu. Mama yako mdogo akija kunitazama anaongea kwa niaba yetu sote wawili, na wala hachoki. Daktari anasema ni vinundu kwenye nyuzi za sauti, wataviondoa hivi karibuni. Kabla ya hapo kimya, na baada ya hapo kimya.

Habari za stoo nimezisoma. Leo sina la kusema juu yake.

Kuhusu Njugu, usimsifu wala usimkaripie. Mpe kitabu kilekile akusomee. Akifika katikati, mfunulie karatasi mbili kwa mara moja, kama mtu aliyekosea, kisha sikiliza. Usicheke. Usimwambie kitu. Niandikie tu utakachosikia.

Na usigombane na huyo kijana. Watoto themanini na kitu katika chumba kimoja si mchezo. Mwaka wangu wa kwanza mimi nilikuwa nikilia nyuma ya choo cha walimu, halafu nanawa uso narudi.

Umeandika vizuri. Ila "kwa hiyo" umeitumia mara tatu, na ya mwisho umeipa kazi isiyo yake. Barua moja, "kwa hiyo" moja, inatosha.

Mama yako


Nyumbani, tarehe 17 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia kwamba unasifiwa mwandiko. Sufuria imesuguliwa.

Nilifanya kama ulivyosema. Njugu aliketi kwenye kigoda karibu na cherehani ya baba, akaanza kusoma. Kitabu ni kile cha mtoto na kuku wake. Alipofika pale kuku anapoingia kwenye kapu, nikafunua karatasi mbili. Picha ikawa ya sokoni, kuku ameshauzwa. Njugu hakusita. Kidole kilitembea chini ya maneno ya sokoni na kinywa kikasema, "Kuku amelalia mayai. Mayai ni sita." Aliusoma wote, Mama, ukurasa ambao haukuwepo, na hakukosea neno. Baba alisimamisha cherehani. Nilitaka kucheka, nikataka na kulia, nikaikumbuka amri yako. Nikamwambia asante, akaenda kwao anarukaruka.

Kesho yake wakati wa mapumziko niliwajaribu wengine kwenye baraza ya darasa. Wachache wanasoma kweli, wale waliokuwa mbele tangu ulipokuwepo. Waliobaki wanaimba. Kidole kina safari yake na mdomo una yake. Nilikuwa namfunulia mtoto mwingine karatasi mbili nilipoona kivuli juu ya kitabu. Alikuwa Mwalimu Filimbi, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Aliwaambia watoto wakacheze, mimi akaniambia niingie ndani. Nilijua napelekwa ofisini. Badala yake aliketi kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yakamfika karibu na masikio, akaniuliza nani kanifundisha ujanja ule. Nikasema mama. Alikaa anaizungusha kamba ya filimbi kidoleni.

"Wakisoma pamoja, mimi sisikii nani hajui," alisema. "Na wao hawasikii kwamba na mimi sijui."

Kumbe alisomea kufundisha hesabu kwa wakubwa. Ameletwa huku kwa sababu nafasi ilikuwa huku. Hakuna aliyewahi kumwonyesha unaanzaje na mtoto asiyeijua hata a. Mwanzoni alijaribu kuwaita mmojammoja mbele, lakini kabla hajafika mbali waliobaki walikuwa wanapigana chini ya madawati, na Mwalimu Mkuu akaja kuuliza kuna soko gani humu. Ndipo akaanza kuwasomesha kwa pamoja, akasifiwa. Anasema ukisifiwa kwa kosa, kuliacha ni kazi. Mwisho akaniuliza wewe uliwezaje, wote wale, bila kuraruana. Nikamwambia nitauliza.

Mama, mimi najua ulivyoweza. Nimefagia lile darasa miaka mingapi, nimekunja mikeka na kuikunjua. Naweza kumwonyesha kila kitu. Lakini najua na haya mengine. Mkaguzi akija naye akafunua karatasi mbili, Mwalimu Filimbi ataaibika, na Mwalimu Mkuu atakukumbuka wewe. Nikimwonyesha naye akaweza, hakutakuwa na sababu ya kukusubiri. Nimemuuliza baba. Kasema muulize mwenye darasa.

Nakuuliza. Nimwonyeshe?

Nangoja jibu kwa basi la Jumamosi.

Binti yako


Nyumbani, tarehe 29 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri, ingawa natumaini kwa kubahatisha. Basi la Jumamosi lilikuja bila kitu. Lililofuata vilevile. Dereva amekwisha nizoea, ananitikisia kichwa akiwa bado mbali ili nisikimbie bure.

Mama mdogo alimpigia baba simu. Umepasuliwa, umeamka, unakunywa vitu vya baridi. Baba aliuliza kama unaandika. Akajibiwa kwamba kibao kiko kitandani lakini umekilaza uso chini. Nimekukosea? Kama swali langu lilikuwa baya, lirudishe, nitakuuliza jingine.

Mwalimu Filimbi ameniuliza tena. Nimemwambia jibu bado liko njiani.

Lakini kuna jambo lililotokea bombani. Mama yake Njugu amemwambia kila mwenye ndoo kwamba mwanawe anasoma kitabu kizima. Juzi alikuwa ametoka zahanati na dawa ya mtoto mchanga, na karatasi ya dawa mkononi. Mbele ya watu wote akampa Njugu amsomee kijiko kingapi na mara ngapi. Njugu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Akaweka kidole mwanzo wa mstari, kama anavyofanya siku zote, kisha akasema, "Kuku amelalia mayai."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo. Mwingine akamwambia mama yake basi mtoto apewe mayai sita kutwa mara tatu. Mama yake alicheka pia, lakini macho hayakucheka. Njugu alibaki ameishika ile karatasi. Alinitazama mimi, Mama, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu anavyomtazama muuzaji.

Niliisoma mimi. Ni nusu kijiko.

Sijapata jibu lako. Ninalo hili la bombani tu.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 7 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimemwonyesha. Nakuambia mapema ili usisome barua nzima ukijiuliza.

Mwalimu Mkuu alikuwa mkutanoni. Mwalimu Filimbi alichukua ufunguo wa stoo, akasema anaianika mikeka isiliwe na wadudu, akaianika sakafuni darasani. Nilimweleza kama unavyofanya: wa silabi mkeka wao, wa maneno wao, wa hadithi wao; mkeka mmoja unaketi na mwalimu, wa pili unaunda maneno kwa vifuniko, wa tatu wanasomeana wawiliwawili, na kwa makofi mawili kila mkeka unapokea kazi ya mwenzake. Nilimweleza kwamba hakuna anayetoka kwenye silabi kwenda kwenye maneno mpaka asome karatasi ya ghafla, ambayo hajawahi kuiona na hawezi kuiimba. Alikuwa anaandika haraka kama sisi tunavyoandika ubao unapotaka kufutwa.

Halafu tukaharibu. Aliwapanga kwa alama zao, akaandika ubaoni Mkeka wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu. Mimi niliona, na sikuona kosa. Kabla ya saa ya kutoka watoto walishaupa ule wa tatu jina: Mkeka wa Mbumbumbu. Njugu alikuwa hapo. Asubuhi yake hakuja shule. Alijiingiza chini ya kitanda, akamwambia mama yake kwamba miguu yake imekataa.

Jioni Mwalimu Filimbi alikuja mpaka kwa baba, akasimama kati ya vitambaa vilivyoning'inia, akasema, "Nimeharibu." Baba akampa kigoda, akaendelea kushona. Ndipo nikakumbuka jambo. Unakumbuka siku niliyokusahihisha mbele ya watoto, kwamba wiki iliyopita mwekundu ulikuwa wa silabi na leo umeufanya wa hadithi? Nilidhani umesahau. Ulicheka tu. Hukuwa umesahau. Ulikuwa unabadilisha makusudi kila Jumatatu ili pasiwe na mkeka unaoweza kutukanwa. Na wale wasomaji hodari uliokuwa ukiwaketisha kwenye silabi, nilidhani unawaadhibu kwa kelele. Kumbe ulikuwa unachanganya.

Kesho yake tulifuta nambari. Kisha Mwalimu Filimbi alikwenda mwenyewe kwa akina Njugu, akapiga magoti kwenye mlango wa chumba, akamwambia yule aliye chini ya kitanda kwamba mfuniko wa ndoo ya herufi umemshinda kabisa kuufungua, na wote wamekaa wanamngoja yeye. Ni kweli, mfuniko ule hukwama, na Njugu ana namna yake ya kuupiga ngumi. Alikuja.

Mwalimu Mkuu amerudi. Alisimama mlangoni akatega sikio, akauliza, "Wameenda wapi?" Walikuwa wote mbele ya macho yake. Hakuamuru mikeka ikunjwe. Alisema tu kwamba siku ya mkaguzi anataka kulisikia darasa.

Mama, kama umenikasirikia, niandikie hivyohivyo. Hasira yako naijua. Kimya hiki sikijui.

Binti yako


Hospitali, tarehe 12 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya barua zote ambazo sikuzijibu. Sijakukasirikia.

Ile yenye swali lako nilikujibu siku ileile. Niliandika neno moja: Usimwonyeshe. Nikampa mama yako mdogo ampelekee dereva. Alipofika mlangoni niligonga kibao kwenye chuma cha kitanda mpaka wodi nzima ikaamka, akarudi, nikalichana. Lakini baada ya hapo sikuweza kuandika jingine, kwa sababu ningeandika jema ningekuwa naimba kama hao watoto, kidole kwake na mdomo kwake. Neno la kweli lilikuwa lile nililolichana. Basi nikanyamaza. Kisha ikaja barua ya bombani, nikaisoma nikiwa nimejifunika shuka. Niliposhika kalamu, ukawa umekwisha fanya.

Usinione hodari mno kwa ajili ya mikeka. Sikuianza kwa werevu. Miaka yote nilikuwa naongoza kelele zilezile chini ya bati lilelile, hadi koo likaanza kuuma nikawa siwezi tena kulifikia dawati la nyuma. Nikaketi chini nao kwa sababu nimechoka. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza nani hajui. Mwambie kijana huyo amefika pale haraka kuliko mimi.

Mwambie pia asisahau imla. Iwe fupi, kila siku, maneno ya silabi wanazozijua tu. Alitamke neno, walipige makofi kipande kwa kipande, waliunde kwa vifuniko, ndipo waandike. Aliyekosea asichorewe msalaba mwekundu. Avirudie vifuniko vyake, alione kosa mwenyewe, alirekebishe. Na siku ya mkaguzi wale wa silabi wasiketishwe nyuma. Mtoto aliyefichwa hujua amefichwa.

Jana daktari aliniruhusu neno moja. Nilichagua maji. Lilitoka kama karatasi inayoburutwa sakafuni. Anasema litaongezeka kidogo, lakini kupaza sauti, basi tena. Maishani. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu kuhusu kengele hakukosea. (Hiyo ndiyo "kwa hiyo" yangu, ni moja.)

Mwambie baba yako mwenyewe, taratibu, akiwa ameshaweka sindano chini.

Mama yako


Nyumbani, tarehe 24 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Baba nilimwambia. Aliweka sindano chini, akakaa, kisha akasema, "Sasa nitalazimika kumsikiliza kwa makini." Halafu akatoka nje kidogo.

Mkaguzi amekuja na ameondoka. Nilikuwa wa zamu ya maji ya wageni, basi niliyaona yote, kuanzia asubuhi kabla ya kengele.

Mwalimu Mkuu alipita mapema. Akakuta mikeka imetandikwa. Akamwambia Mwalimu Filimbi aikunje, arudishe safu, na mgeni akiingia wasome kile kitabu kwa pamoja. Wamekwisha kijua, alisema, usijitafutie. Mwalimu Filimbi alijibu, "Sawa, Mkuu." Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi. Mkuu alipotoka, akainama kweli na kuanza kuukunja ule wa buluu. Watoto walikuwa wanaingia. Alifika nusu.

Njugu alikuwa ameikumbatia ndoo. "Mwalimu, leo hatusomi?"

Alikaa ameinama hivyo, nusu ya mkeka mikononi, hata nikadhani mgongo umemshika. Kisha akaukunjua. Akaivua filimbi shingoni akaitia mfukoni.

"Tunasoma," alisema.

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Aliingia na Mwalimu Mkuu nyuma yake. Hakuna kilichosikika ila mnong'ono na vifuniko vikigongana. Mwalimu Mkuu alikohoa ili waanze. Hakuna aliyeanza. Akakohoa tena, na mtoto mmoja akamwambia pole. Mkaguzi alivua viatu, akaketi kwenye mkeka wa kijani, ambao wiki hii ni wa silabi, bega kwa bega na Njugu. Akatoa mkobani karatasi yake mwenyewe. Mama, hata mimi sikujua imeandikwa nini.

Njugu aliweka kidole. Nilijua kuku anakuja. Alifumba mdomo, akaufumbua. "Ba. Ba. Baba. A, na, le, ta. Baba analeta." Akakwama. Mwalimu Mkuu alitaka kumsaidia neno, lakini mkaguzi aliinua kidole bila kumtazama. Njugu alichakura kwenye ndoo, akaweka vifuniko viwili, akabadilisha kimoja, akaongeza. Midomo ikajaribu. "Mbu. Mbuzi." Akamtazama mkaguzi kwa mashaka. "Baba analeta mbuzi?" Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ni kweli.

Mwalimu Mkuu akasema huyu ni wa nyuma, wapo wanaosoma kitabu kizima. Mkaguzi akasema vitabu vizima amevisikia katika shule nyingi, na hakuongeza kitu.

Lakini sitaki uidhanie siku hiyo kuwa tamu yote. Alizunguka mikeka yote, akaandika kwamba walio kwenye silabi ni wengi mno kwa wakati huu wa mwaka, na kwamba sehemu ya mhula imepotea. Alimuuliza Mwalimu Filimbi nani aliyepanga darasa hivi. Akajibu kwamba mwalimu wao yuko hospitali, yeye anashika zamu tu. Alilisema lile la mhula kupotea kuwa ni lake, bila kuulizwa mara ya pili.

Mgeni alipoondoka, Mwalimu Filimbi alimfuata Mkuu ofisini. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nakusanya glasi, polepole kadiri nilivyoweza. Alimwambia mikeka mitatu hawezi kuibeba peke yake, anakuhitaji wewe. Mkuu akasema wewe, Mama, huna sauti. Mwalimu Filimbi akasema, "Mkuu, sauti ya mkeka mmoja haihitaji kufika ukutani. Ifike magotini tu." Mkuu akasema atafikiria.

Amefikiria. Leo alimwita baba. Darasa litabaki la Mwalimu Filimbi, jina lake ndilo litakaloandikwa mlangoni. Wewe ukitaka utapewa mkeka mmoja, wa silabi, na hutaitwa mwalimu wa darasa. Usipotaka, stoo ya vitabu ipo, ina kiti na dirisha. Mwalimu Filimbi aliposikia habari ya jina mlangoni alikuja kwetu kuomba radhi. Baba alimwambia hakuna aliyempa kosa.

Najua silo darasa uliloliacha. Baba hataki kusema neno, anasema chaguo ni la mwenye koo. Mimi pia sitasema, ila nakuarifu kwamba Njugu amesogea pembeni ya mkeka, amebakiza nafasi ya mtu mmoja mzima, na anayekaa hapo anainuliwa.

Mwanao


Darasa la saba, tarehe 14 Agosti, kipindi cha pili

Mama,

Shikamoo tena, ingawa tuliamkiana asubuhi. Mwalimu wetu ameacha hesabu, ametega sikio dirishani, ananiuliza kama darasa la kwanza limekwenda nyumbani, maana hakuna kinachosikika. Ameniruhusu nikuulize kwa karatasi, kwa kuwa huwezi kunijibu kutoka ng'ambo ya uwanja. Njugu alikuja kuomba chaki, nimempa hii akuletee.

Mwanao


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Mwanangu,

Marahaba tena. Mwambie mwalimu wenu hatujakwenda popote. Tunasoma.

Huyo uliyemtuma hakuja moja kwa moja. Nilimwona dirishani amesimama katikati ya uwanja, chaki kwapani, midomo inatembea. Alikwama mahali. Akarudi nyuma kwa kidole, akapita. Alipofika kwenye mkeka hakunipa karatasi. Aliniambia inasemaje.

Mama yako